Mama Hayumo Kwenye Pakiti

Usinitupie lawama, msomaji, kama wiki hii hukupata usingizi. Hata mimi ninayeandika niliupata kwa shida. Tulimwacha Kitinda amepiga magoti kwenye stoo ya kiwanda cha karanga, kisu mkononi, amelipasua roli jipya la plastiki ya pakiti kwa siri ili aone mama yake amekonda kiasi gani safari hii.

Hakumkuta amekonda. Hakumkuta kabisa.

Akalikunjua roli. Jina la karanga lipo, rangi nyekundu ipo. Akavuta plastiki mpaka ikamfunika magoti. Pale palipokuwa na uso wa mama yake akicheka, palikuwa peupe.

Ndipo mkono ukamshika begani!

Mkono huo tutaurudia, usiwe na haraka. Kuna ndugu zetu wameanza kusoma leo, na sipendi watu wanipigie simu gazetini kuniuliza Kitinda ni nani.

Kitinda ni mtoto wa mwisho, ndiyo maana akaitwa hivyo. Anasimamia chumba cha kukaangia. Biashara aliianza mama yake, kwa kikaango na jiko la mkaa barazani, na ilipokua ikawa kiwanda, Baba akasema uso wa mke wake ukae kwenye pakiti, mashavu yamejaa na mwanya unaonekana. Kisha Mama akafariki. Kiti akakikalia mtoto wa kwanza, ambaye wafanyakazi wanamwita Bosi na Kitinda anamwita Kaka.

Tangu hapo, kila gharama zilipopanda, Kaka hakugusa bei. Aligusa karanga. Pakiti ikawa nyembamba, ikawa nyembamba tena, na bei ile ile. Na kila pakiti ilipopungua, uso wa Mama nao ukapungua. Mashavu yakabonyea, macho yakamtoka, shingo ikawa ile aliyokuwa nayo hospitalini siku zake za mwisho. Watoto madukani sasa hawaombi karanga kwa jina. Wanasema, "Nipe zile za mama mgonjwa."

Kinachomnyima Kitinda raha ni Baba. Desturi ya kiwanda, tangu Mama yu hai, ni kwamba pakiti ya kwanza ya kila roli jipya inapelekwa nyumbani kwa mzee. Baba huimwaga kwenye sahani, akaitazama, na kiasi hicho hicho ndicho anachokubali kula mlo mzima. "Mwenzangu anashinda na hiki," husema, "mimi nile zaidi kwa lipi?" Ukimbembeleza anafunga mdomo kama mtoto. Amebaki mifupa na shati. Daktari hakumung'unya maneno: asiporudi kula, watampoteza.

Na Baba mwenyewe alishawaambia wanawe, wote wawili wakisikia: "Siku nitakayoletewa pakiti nisimkute, msiniwekee sahani tena. Nitakuwa nimeelewa."

Haya, sasa ule mkono.

"Dada Kitinda! Unafanya nini humu na kisu?"

Alikuwa dereva wa gari la kusambaza mzigo. Kazini wanamwita Mwendapole, jina alilopewa na watu waliowahi kupanda gari lake wakashuka wakimshukuru Mungu.

"Umenitoa roho, wewe! Hujui kupiga hodi?"

"Stoo inapigwa hodi tangu lini? Nimefuata boksi tu. Mashine imeshaanza na roli jipya, nampelekea Mzee pakiti yake."

Kitinda akasimama. "Imeanza? Nani kasema ianze?"

"Bosi. Asubuhi na mapema." Mwendapole akajigonga mfuko wa shati. "Ya kwanza hii hapa."

"Umeitazama?"

Dereva akainamisha macho. "Dada, siku hizi nani anaitazama pakiti usoni? Akina dada wa kufunga wanazilaza kifudifudi kwenye katoni. Mimi naitia mfukoni hivyo hivyo, natia gari moto."

"Itoe. Itazame."

Akaitoa. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Macho yakamtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Mungu wangu! Mama kaenda wapi?"

"Nipe hiyo pakiti."

"Lakini ni ya Mzee..."

"Nipe, nakwambia! Hii isifike kwa Baba. Ikifika tumemuua kwa mikono yetu. Umenielewa?"

Mwendapole akaiachia. Akabaki anajifuta vidole kwenye suruali, ingawa pakiti ilikuwa safi kabisa.

Kitinda hakungoja kusikia la pili. Akapanda ngazi mbio mpaka ofisini kwa kaka yake.

Ofisi ile ina dirisha pana la kutazama mashine zote kule chini. Mama aliweka meza yake pale dirishani ili aone kila mtu, na kila mtu amwone. Kaka ameigeuza meza. Anakaa amelipa dirisha mgongo.

Kitinda akaibwaga pakiti mbele yake.

"Kaka, Mama umempeleka wapi?"

Kaka hakuishika. Aliisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka ikaanguka upande wa pili wa meza.

"Nimewamalizia tatizo," akasema. "Kila siku Mama anakonda, Mama anakonda. Nimempigia simu mpiga chapa nikamwambia amtoe. Basi. Hakondi tena."

"Unajisikia unachosema?"

"Punguza sauti, wafanyakazi watasikia."

"Sipunguzi! Wa kupunguza humu ndani ni wewe peke yako!"

Kaka akavua miwani, akajisugua macho. Alikuwa na uchovu wa mtu ambaye kitanda chake hakimsaidii kitu.

"Kitinda, hebu nisikilize. Mtoto anakuja dukani na sarafu moja. Ameibana kiganjani mpaka imelowa. Hiyo ndiyo bei yetu, tangu Mama. Nikipandisha kidogo tu, inabidi arudi nyumbani kuomba nyingine. Unadhani atapewa? Atafukuzwa kama kuku. Kesho yake ananunua pipi za watu wengine. Sasa mafuta yamepanda, umeme umepanda, karanga zenyewe zimepanda. Bei siwezi kuigusa. Niguse nini, niambie?"

"Ungewaambia watu ukweli."

"Niwaambieje? Njooni mnunue upepo?"

"Ndicho unachowauzia, kwani wao hawajui? Mtoto anaifungua pakiti anachungulia ndani kama anachungulia kisima! Lakini hayo tuyaache. Baba alisemaje kuhusu siku atakayoletewa pakiti asimkute Mama? Ulikuwepo. Ulisikia kwa masikio yako."

Kaka akairudisha miwani machoni. "Baba ni mtu mzima. Atazoea."

"Baba hatazoea, Baba atakufa! Na akishakufa utafanyaje? Utambandika yeye kwenye pakiti? Anakufaa sana, maana yeye hahitaji hata kukondeshwa!"

Kaka aliinuka kwa kasi kiti kikaanguka. Mkono ukaenda juu. Kitinda akalikaza shavu, akalisubiri kofi.

Kofi halikuja. Mkono ule ulibaki hewani, kisha ukashuka pole pole, na yule bwana mkubwa, anayetikisa kiwanda kizima kwa kikohozi, akakaa sakafuni karibu na kiti chake.

"Wewe unadhani mimi simwoni?" akasema.

"Nani?"

"Kila asubuhi nikinyoa ndevu, namwona kwenye kioo. Anasimama nyuma yangu. Hanigombezi, Kitinda, afadhali angenigombeza! Amekinga kiganja tu, anangoja kujaziwa. Mke wangu akiingia anaona kioo na mume wake. Mimi namwona Mama na kile kiganja."

Kitinda akashika ukingo wa meza. Na wewe ukae sawa hapo ulipo, maana Kaka hakuwa amemaliza.

"Nilisema moyoni, labda nikimtoa kwenye pakiti, atatoka na kwenye kioo."

"Na ametoka?"

"Leo asubuhi hakuwepo." Kaka akacheka, kicheko kikavu kisichokuwa na mwenyewe. "Nimenyoa peke yangu. Nikajikata mara ngapi, sijui. Nilizoea kuwa naye."

Kitinda alimwonea huruma, nisiseme uongo. Ni kaka yake, aliyembeba mgongoni. Lakini kule nyumbani kulikuwa na mzee asiyekula, na huruma haiwatoshi watu wawili kwa wakati mmoja.

"Simamisha mashine."

"Siwezi. Mzigo umeshaahidiwa."

"Basi nitamrudisha mwenyewe."

"Utamrudisha wapi?" Kaka akamwita. "Kitinda! Utamrudisha wapi?"

Alikuwa ameshafika ngazini.

Kwa mpiga chapa ni mtaa wa nyuma, chumba kirefu chenye harufu ya wino inayokamata kooni. Mwenyewe ni mtu mnene mwenye vidole vyeusi, na hana tabia ya kuinua kichwa akisalimiwa. Kitinda alimkuta kwenye kompyuta anatafuna kitu. Karanga zao, tena! Amemimina pakiti nzima mdomoni kwa mkupuo mmoja, kwa sababu siku hizi inawezekana.

"Karanga zenu tamu," akasema. "Zinaisha tu kabla hujaanza."

"Sikuja kwa hilo. Mama yangu mmemfanya nini?"

"Mama yako?" Sasa akainua kichwa. "Yule wa kwenye pakiti ni mama yako mzazi?"

"Ndiye. Amekonda toka amekufa! Kila mwezi anazidi! Watu wanasema hajapumzika, baba yangu hali chakula kwa ajili yake, mimi mwenyewe nimefika mahali siwezi kulala na pakiti ndani ya nyumba. Nataka mtu anieleze!"

Mpiga chapa alimtazama kwa muda. Halafu, ndugu zangu, akacheka. Akacheka mpaka karanga zikampalia.

"Dada, hebu kaa. Kaa hapa utazame. Kaka yako akitaka kupunguza ananiletea upana mpya, sivyo? Upana unapungua, urefu uko pale pale. Sasa mimi picha yangu haiingii. Nitafanyaje? Naibana. Naikamata hapa ubavuni, naisukuma mpaka iingie. Jina nalo nalibana, karanga zilizochorwa nazibana. Umeona karanga zilivyokuwa nyembamba kama punje za mchele?"

"Sijawahi kuzitazama hizo."

"Hakuna anayezitazama. Watu wanatazama uso."

Akafungua faili la pakiti ya mwezi uliopita. Mama akatokea kwenye skrini, mashavu yamedumbukia, macho yamemtoka, akimtazama mwanawe. Kitinda akaegemea ukuta.

"Sasa tazama," akasema mpiga chapa, na kile kidole cheusi kikaikamata picha ubavuni, kikaanza kuivuta.

Shingo ikanenepa kwanza. Kisha mashavu yakaanza kurudi, taratibu. Mabega yakajaa. Macho yakatulia ndani ya nafasi zake. Mwanya ukafunguka. Mama alipona pale pale mbele ya macho ya binti yake, akarudi kuwa yule mwanamke aliyekuwa akicheka na jirani huku karanga zinaungua.

Kitinda alilia. Alilia kwa sauti, kamasi na yote, kwenye kitambaa cha kufutia wino, akajipaka weusi uso mzima. Mama hakuwa na njaa! Mama hakuwahi kuwa na njaa! Alibanwa tu, na mtu mnene mwenye haraka.

"Nichapie moja," akasema. "Pana. Kama hivyo alivyo. Moja tu nikampe baba yangu."

"Hilo dogo."

Mashine ndogo ikaguna, ikamtemea pakiti moja pana yenye mama mzima. Kitinda akaitia kwenye mkoba, akaubana mkoba kwapani. Alishaona hata namna atakavyoingia nyumbani, atakavyomweleza Baba mambo ya upana na urefu, Baba atakavyomwita mpiga chapa majina mabaya na kuomba sahani. Alikuwa amefika mlangoni pale yule bwana aliposema neno ambalo laiti angelimeza na karanga zake.

"Ila kaka yako naye angeniambia mapema. Ananipigia simu nimtoe mama kwenye pakiti, na yeye ameshamtoa."

Kitinda akageuka. "Ameshamtoaje?"

"Nilifungua faili la kazi mpya ili nimfute, nikakuta hayumo. Mahali pake peupe. Jioni nilipolifunga alikuwepo, nimebana mwenyewe kwa mkono wangu. Nikasema basi, watakuwa wameniletea jingine."

"Kaka yangu anasema umemtoa wewe."

"Mimi sijamtoa."

"Kaka hajui hata kuwasha hiyo kompyuta."

"Mimi sijamtoa, dada." Mpiga chapa alikuwa ameacha kutafuna. "Naapa. Nilikuta ameshaondoka."

Kitinda alitoka mle ndani. Akasimamisha pikipiki, akampa mwenye pikipiki jina la mtaa, akajishika nyuma ya kiti. Jua lilikuwa la mchana kweupe, watu wananunua nyanya, na yeye anatetemeka kwa baridi. Simu ikalia.

"Dada," ilikuwa sauti ya Mwendapole, imenywea. "Usinikasirikie."

"Umefanya nini?"

"Ile ya kwanza si uliichukua? Nikaona Mzee asikose kabisa, desturi ni desturi. Nikampelekea ya pili."

"Nilikwambia usiende!"

"Ulisema ile isifike, dada. Ile haikufika."

Kuna watu Mungu aliwaumba ili kutujaribu. Kitinda alitamani kuitupa simu barabarani. "Baba amesemaje? Sema haraka!"

"Aliipokea. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma. Mimi nikawa tayari kumdaka, maana nilijua anaanguka. Hakuanguka." Mwendapole akameza mate, yakasikika. "Alicheka, dada. Akasema, 'Kumbe ndiye.' Halafu akaniambia nikitoka nirudishe mlango, kuna upepo, na ndani kuna mtu ametoka safari ndefu."

Kitinda akampiga mwenye pikipiki mgongoni. "Kimbiza, kaka! Kimbiza!"

Alikimbiza. Walifika pikipiki ikinuka moto. Kitinda akaruka kabla haijasimama vizuri, akapita lango, na akiwa uani, pua yake ikamshika mguu.

Pua ya Kitinda si pua ya mchezo. Imekaa juu ya karanga maisha yake yote. Inajua za mashine na inajua za kikaango. Harufu iliyokuwa inatoka nyumbani kwa baba yake haikuwa ya mashine. Ilikuwa ya jiko la mkaa, ya karanga zilizogeuzwa kwa mkono, zikaachwa kidogo zaidi ya inavyotakiwa mpaka maganda yakababuka. Mama peke yake ndiye alikuwa akizichelewesha hivyo. Ilikuwa kwa sababu ya domo lake na jirani, na watu wakaja kuipenda ladha ile.

Akatupa jicho barazani. Lile jiko, ambalo lilikuwa limefunikwa gunia chini ya ngazi tangu msiba, lilikuwa limesimama barazani, na makaa yalikuwa mekundu.

Baba hawezi kuwasha kiberiti. Mikono yake inatetemeka hata kufunga kifungo.

"Baba!"

"Ingia mwanangu. Mbona unapiga kelele kama unafukuzwa?"

"Shikamoo Baba," Kitinda akasema, kwa sababu alilelewa, hata kama moyo unataka kumtoka mdomoni.

"Marahaba. Rudisha mlango, funga na komeo."

Alifanya alivyoambiwa. Kisha akageuka, na alichokiona kikamkata maini.

Baba alikuwa anakula!

Alikuwa anakula, msomaji, kula kwenyewe! Wali aliompikia asubuhi, ambao kila siku huukuta jioni umeganda na kijiko kimesimama, ulikuwa umekwisha nusu sahani. Pembeni yake palikuwa na karanga, fungu la kujaa viganja viwili, zina madoa meusi ya moto. Mzee alichota, akatafuna, akapangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. Mashavu yalikuwa yanacheza. Kitinda alikuwa amesahau kwamba baba yake akitafuna masikio yanacheza.

Mbele yake, upande wa dirishani, kiti cha Mama kilikuwa kimevutwa. Kwenye meza palikuwa na sahani ya pili, wali na karanga, na ile sahani nayo ilikuwa imeliwa.

"Baba, nani kakaanga?"

"Unauliza nini nawe? Pua umeiacha kazini?"

"Baba..."

"Kaa." Baba akaichukua ile pakiti isiyo na uso, akaipapasa mahali palipo peupe. "Nilikosea, Kitinda. Nilidhani siku nisipomkuta humu, basi ameshakwisha. Kumbe ametoka tu. Mtu atakaa mahali pamebana hivyo mpaka lini? Amechoka, ametoka, amekuja kwake. Kaniuliza mbona nimekonda hivi. Mimi! Ananiuliza mimi!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akachota wali.

Kitinda alikuwa ameushika mkoba kwapani. Ndani kulikuwa na pakiti pana, yenye Mama mnene anayecheka, na maelezo yote ya kidole na kompyuta. Alikuwa amekuja nayo ili baba yake ale. Sasa baba yake anakula. Angesema nini? Aiweke mezani amwambie, Baba, huyu alibanwa na fundi, hakuna aliyetoka, hakuna aliyekuja, wewe unakula peke yako? Na kama ni peke yake, ile sahani nyingine imeliwa na nani?

Akausukuma mkoba nyuma yake. Alilolitaka kuliko yote duniani lilikuwa linaingia mdomoni kwa mzee, kijiko baada ya kijiko. Aliomba tu lisikatizwe.

Mlango ukagongwa.

Haukugongwa kistaarabu. Uligongwa kwa ngumi, na sauti iliyofuata Kitinda aliijua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Baba! Fungua! Ni mimi, mwanao mkubwa! Baba, nimekuja kukuomba radhi. Usimlilie Mama, hajakwenda popote. Ni mimi! Mimi ndiye niliyemtoa!"

Jamani! Mtu ameficha ukweli siku zote hizi, akachagua saa hii ya kuusema!

Kitinda aliurukia mlango, akauegemea kwa mgongo. Kijiko cha Baba kilikuwa kimesimama katikati ya njia. Wali ukadondoka punje punje mezani. Baba anasikiliza. Kitinda alimtazama mdomo, hakutazama kitu kingine, kama alivyokuwa akimtazama Mama wodini kuona kama kifua bado kinapanda.

"Nilimtoa kwa simu, Baba!" Kaka alikuwa analia huko nje. "Nilipunguza kila kitu mpaka nikampunguza na yeye! Nifungulie nikwambie usoni!"

"Baba usimsikilize," Kitinda akasema. "Kaka hajalala, amechanganyikiwa. Wewe kula. Nitamwambia arudi baadaye. Kula Baba, nakuomba."

Baba akakitazama kijiko. Kisha akakitia mdomoni, akatafuna vizuri mpaka akamaliza, akameza.

"Mfungulie ndugu yako," akasema.

"Baba, atakuharibia..."

"Hawezi kuniharibia kitu. Mama yenu anamngoja tangu asubuhi. Hukuona sahani yake?"

Kitinda akatazama. Mwisho wa meza, nyuma ya jagi la maji, palikuwa na sahani ya tatu. Kubwa kuliko zote, ile ya maua inayotolewa kwa wageni. Haikuwa na wali. Katikati yake, zimekusanywa kwa uangalifu, palikuwa na karanga chache, pungufu hata ya zile zinazomwagika kwenye pakiti ya leo.

"Hizo tu?"

"Nilimwambia amwongezee," Baba akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na woga. "Nilimsihi. Ni mtoto wetu wa kwanza, nikamwambia. Amekataa. Amesema huyu kuanzia leo atakula kwa kipimo chake mwenyewe, popote atakapokaa, mkono wa yeyote utakaompakulia, mpaka siku atakapokijaza kile kiganja."

Nje, Kaka alikuwa ameacha kugonga. Anasubiri.

Kitinda alikuwa bado ameuegemea mlango, mikono yote miwili ameikumbatia kifuani, na baba yake alikuwa kule mezani. Akasikia, nyuma ya bega lake, upande wa ndani, komeo linavutwa.